Feni Iliyonguruma Ofisini kwa Mzee Halfani

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, ambayo haijawahi kunitoka akilini. Wakati huo ndiyo kwanza nilikuwa nimejifunza kuhariri video, huku nina watoto wawili shuleni. Wewe utasema huo si ujana. Mimi nauita ujana, maana kila kitu kazini kilikuwa kipya kwangu na nilikuwa naamka na hamu ya kwenda.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, Kariakoo, juu ya maduka ya vitenge. Mwenye ofisi alikuwa Mzee Halfani, mtu mpole, ila akishakasirika hashikiki. Wafanyakazi tulikuwa mimi, ambaye wote waliniita Mama Tatu, na Chilumba, kijana wa Masasi aliyekuwa amemleta mkewe mjini miezi michache tu nyuma. Tulitengeneza video za harusi kwa kompyuta moja yenye nguvu. Ndani yake kulikuwa na kadi ya picha, kifaa kinachobeba mzigo wote wa video. Kadi ikielemewa inapata moto, na feni yake inanguruma kuipoza.

Wiki ile mashine ilitusumbua. Video ilikuwa inakwama, inatembea, inakwama tena. Nasi tulikuwa na video ya harusi ya binti mmoja wa Kigamboni aliyekuwa anasafiri Jumamosi kwenda Muscat na mumewe. Bibi yake aliyemlea alikuwa mgonjwa, safari ile asingeiweza. Ndani ya video alikaa kitandani akimwimbia mjukuu wake, sauti inatetemeka. Binti alituomba jambo moja tu, asiondoke bila video ile.

Baada ya swala ya Ijumaa nilikuwa napanda ngazi kutoka kula, nikasikia Mzee Halfani anafoka. Alikuwa amemkuta Chilumba peke yake mbele ya kompyuta, feni inaunguruma kama mashine ya kusaga.

"Programu ya video umeifunga," alisema. "Sasa hiyo kadi inamfanyia nani kazi?"

"Sijui, mzee. Nilikuwa nasoma barua pepe za wateja tu."

"Barua pepe ni maandishi. Maandishi hayachoshi mashine. Wewe unacheza magemu humu nikiwa sipo, ndiyo maana kazi ya watu haiendi. Chukua vitu vyako."

Mlango ulikuwa wazi, na wateja wa chini walikuwa wamesimama kwenye ngazi wakisikiliza. Chilumba hakubishana. Alianza kukunja waya wa spika zake za masikioni, taratibu.

Nikamwambia Mzee kwamba sijawahi kumwona kijana huyu akicheza gemu. Akaendelea kufoka. Aliyemnyamazisha alikuwa dada yake mkubwa, Bi Mwanaidi, mwenye duka la vitenge pale chini, aliyepanda baada ya kusikia kelele.

"Shikamoo, bibi," Chilumba alimwamkia, hata katika hali ile.

"Marahaba, baba." Kisha akamgeukia mdogo wake. "Halfani, umemwona akicheza, au umesikia feni?"

Mzee akaitazama kompyuta. "Nimesikia feni."

"Basi iulize hiyo feni. Mtoto wa watu muache kwanza."

Tukakaa mbele ya kompyuta, mimi na Chilumba, Mzee amesimama nyuma yetu. Tulifungua ukurasa unaoonyesha kila programu inatumia kiasi gani cha kadi. Nilidhani tutakuta kirusi. Tukakuta juu kabisa ya orodha, juu ya kila kitu, programu ya barua pepe. Tulikuwa tumeishusha chini ya skrini, hakuna anayeisoma tena, lakini ilikuwa imeishika karibu kadi yote.

"Haiwezekani," alisema Mzee.

Chilumba akaifunga. Tukasubiri. Feni ikashuka, ikashuka, mpaka tukaanza kusikia wachuuzi wa barabarani wakinadi bidhaa. Akaifungua tena, nayo feni ikapanda. Tulirudia mpaka Mzee mwenyewe akasema inatosha.

Nikaingia kwenye mipangilio ya ile programu. Huko nikakuta sehemu inayoiruhusu kutumia kadi ya picha ili maandishi na madirisha yake yaonekane haraka. Kumbe kitu hicho kilikuja na toleo jipya lililojiweka lenyewe mwanzoni mwa wiki. Nikaondoa alama ya kuruhusu, nikaifunga programu na kuiwasha upya. Barua zikaingia kama kawaida na feni haikushtuka.

Mzee Halfani akamshika Chilumba mkono, akatoka naye mpaka pale kwenye ngazi, mbele ya watu walewale. "Nimekukosea, na nimekukosea hadharani," alisema. "Nisamehe mwanangu. Kaa ufanye kazi."

Chilumba akasema, "Yameisha, mzee," akarudi kitini. Sikuona kinyongo usoni mwake.

Video ya harusi ilikamilika kabla ya magharibi. Binti alikuja mwenyewe kuichukua. Akataka aone kipande cha bibi yake kwanza, akakitazama amesimama, mtandio mdomoni. Hakuna aliyemharakisha.

Sasa nisikilize, mwanangu, wewe unayeanza kazi. Mashine ikikuchezea, usikimbilie kununua mpya wala kufuta kila kitu. Fungua uone nani anatumia nini, funga kimoja kimoja, na usidharau kile kidogo kinachokaa kimya. Na kwa binadamu uwe mpole zaidi, maana mashine ukiizima inawaka tena, lakini jina la mtu likichafuliwa mbele ya watu kulisafisha ni kazi. Ukimtuhumu mtu, hakikisha umeona. Na ukigundua umemkosea, mwombe radhi palepale ulipomwaibisha, usimvizie faraghani.

Mungu akupe macho ya kuchunguza na ulimi wenye subira. Akukutanishe na watu watakaokuuliza kabla ya kukuhukumu, nawe uwe mmoja wao.