Suruali ya Bwana Spika

Mtaa mzima humwita Shangazi, na mtaa mzima huvaa alichoshona. Ana ugonjwa wa viungo, ule wa kukaa nao hadi kufa, lakini kwa miaka mingi walivumiliana: yeye anameza dawa, ugonjwa unamwachia vidole vya kushika sindano. Mpaka jirani wa chini alipofungua baa.

Bwana Spika, ndivyo walivyombatiza, alipiga muziki mpaka vyombo vya Shangazi vikagongana kabatini. Usingizi ukamhama. Kila asubuhi vidole vimevimba, vinawaka moto, mkasi haushikiki. Akaenda hospitali, lakini daktari hakubadilisha dawa zake.

"Unalala, mama?" alimuuliza. "Mwili usipolala, uvimbe unachachamaa na maumivu yanapata nguvu. Dawa peke yake haiwezi."

Shangazi akashuka kumbembeleza jirani.

"Usingizi wa nini, Shangazi? Kaburini utalala mpaka uchoke!"

Walevi wakaangua kicheko. Shangazi naye akacheka, ila moyoni aliweka fundo. Wateja walipoanza kupeleka vitambaa kwingine, fundo likakaza.

Halafu, macho makavu, Bwana Spika akamletea kitambaa cha suti. Mwanawe anaoa.

"Nitakupendezesha," Shangazi alisema, na hakudanganya. Koti lilimkaa kama alizaliwa nalo. Suruali nayo safi, isipokuwa mshono wa makalioni. Pale alipiga bandi tu, zile nyuzi ndefu legelege za kushikiza kitambaa kabla ya mashine, akapitisha pasi, akaikunja kwa heshima zote.

Ukumbini, mbele ya wakwe, Bwana Spika aliagiza wimbo wake, akacheza, akashuka chini kwa madaha. Suruali ikaachia kuanzia mkandani.

"Zimeni huo muziki!" alipiga kelele mtu, na mtu huyo alikuwa yeye mwenyewe.

Shangazi, meza ya nyuma, alimalizia soda yake taratibu. Ilikuwa tamu kweli.

Kesho yake Bwana Spika alipanda ngazi akifoka, suruali mkononi. "Umenidhalilisha! Hii hukuishona!"

Shangazi aliweka mikono mezani. Vidole vilikuwa vimetuna, havikunjiki.

"Tumeishona wawili, baba. Mimi mchana, wewe usiku."

Bwana Spika aliviangalia vile vidole, sauti ikamshuka. "Sasa itakuwa tayari lini?"

"Nikilala," alisema Shangazi, akaichukua suruali, akaitundika msumarini.