Maji ya Sifongo

Kadzo wa Kinondo alifanya kazi iliyomtia kinyaa tangu mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1998 watafiti walipanga nyumba kijijini kutafuta dawa ya saratani katika sifongo za baharini, na yeye ndiye aliyezikata na kuzikamua. Zilitoa ute wa kijivu wenye uvundo, uliopenya glavu zilizotoboka ukashika kwenye kucha. Shangazi yake Shutu alizoea kumwambia, "Keti mlangoni, mwanangu, nipate kula."

Claire, mtafiti mkuu, aliwaeleza wafanyakazi. Ndani ya seli mna vimeng'enya viitwavyo kinasi, vingi vimelala. Ute huviamsha, kimoja kikiamka hukiamsha kingine kwa kukibandika fosfeti, hadi amri ya kufa ifike, nayo seli ijikunje, imegeke vipande, ife. "Lakini amri hiyo huzifikia hata seli zisizo na ugonjwa," alisema. "Bado hatujui kuielekeza."

Jethro, mtunza stoo, alishika nusu ya kwanza tu. Alichota maji machafu ambayo Kadzo aliyaacha yakamwagwe shimoni, akayatia kwenye chupa za soda, akayauza Kona ya Musa kuwa dawa ya uvimbe.

Kadzo aligundua siku alipoingia kwa Shutu na kupokewa na uvundo wa kazini kwake. Shangazi alikuwa na uvimbe wa titi na alishapangiwa siku ya kupasuliwa.

"Shikamoo, shangazi. Umepaka nini?"

"Marahaba. Dawa yenu, mliyokuwa mkininyima." Akafungua leso aliyojifunga kifuani. Ngozi ya titi ilikuwa imekuwa kijivu, inabanduka, na chini yake panachuruzika maji. "Jethro kasema ikiuma ndiyo inafanya kazi. Siendi kukatwa."

"Inaua ngozi yako. Haijui ipi ina ugonjwa."

"Mbona wewe huishika kila siku?"

Kadzo alimnyooshea vidole. Ncha zilikuwa zimechunika, mbichi. Shutu alizitazama, akafunga leso polepole.

Kadzo alimwaga chupa uani, akatapika palepale. Kesho yake alipomkabili Jethro, alijibiwa, "Kwani unataka nikukatie fungu?" Kadzo alitema mate chini, akaenda moja kwa moja kumshtaki kwa Claire.

Hospitalini Msambweni daktari alikasirika: kidonda kikauke kwanza ndipo apasue, na uvimbe ulikuwa umeshaongezeka. Kadzo na Shutu walipotoka na kuketi kwenye benchi la kusubiria dawa, mwanamume mmoja aliziba pua, akahama.

Kadzo akainuka, aende akakae mbali kama kawaida. Shutu akamshika kanga.

"Keti hapa. Leo tunanuka sote."