Kibla cha Msikiti wa Gede

Nilipokuwa nikisomea sanaa na ujenzi wa miji ya kale, nilitumwa nikapime msikiti mkuu katika magofu ya Gede. Si mbali na kwetu Malindi, lakini kabla ya hapo nilikuwa nimefika mara moja tu, tulipopelekwa na shule ya msingi, na nililolikumbuka ni kima aliyeninyang'anya ndizi.

Nikapima kuta, nguzo na milango ya matao. Siku ya tatu nikasimama mbele ya mihirabu, lile shubaka la ukutani anaposimama imamu, nikafungua dira iliyomo kwenye simu yangu. Kutoka pwani yetu, Makka iko kaskazini, karibu moja kwa moja. Simu ikasema mihirabu imepotoka kuelekea mashariki kwa nyuzi kama thelathini. Nikapima mara nne. Jibu likawa lilelile, nami nikaona huo ni ushahidi.

Nikaandika sura nzima ya tasnifu yangu. Nikaeleza mafundi wageni, nyota iliyosomwa vibaya, na ujenzi "uliohangaika kati ya imani na mazoea", maneno ambayo mpaka leo sijui maana yake. Msimamizi wangu chuoni, ambaye mwaka mzima alikuwa akinijibu kwa alama ya vema tu, alinipigia simu mwenyewe.

"Hili ni jipya kabisa," alisema. Akaniombea nafasi ya kulizungumza kwenye mkutano wa wataalamu Nairobi.

Kosa langu lilikuwa kumsimulia mama. Yeye ni mzaliwa wa Mambrui, na mambo ya swala hayafanyii mzaha. Akaacha kukuna nazi.

"Yaani wamesali upande siko umri wao wote?"

"Ndivyo vipimo vinavyosema, mama."

"Na wewe, uliyelala leo mpaka alfajiri ikakupita, ndiye uliyegundua?"

Kesho yake akavaa buibui, akachukua mswala wake wa safari, ulioshonewa dira ndogo juu yake, tukaenda. Msikitini, pasipo na paa wala mlango, akavua viatu. Nami nikavua vyangu. Akatandika mswala kuelekea mihirabu. Sindano ikayumba, ikatulia. Kaskazini, sawasawa.

"Dira hiyo ni ya mapambo tu, mama," nikamwambia, nikainama na simu yangu nilinganishe.

Sindano ikaruka, ikaigeukia simu. Nikaisogeza simu mbali, sindano ikarudi mahali pake. Nikaileta karibu, ikaifuata tena. Mama akanyoosha mkono, akaichukua simu, akakifungua kifuniko chake cha ngozi na kukifunga: tak. Kilikuwa na sumaku. Nilikinunua mwenyewe, kwa kupenda rangi yake.

"Msikiti haukuhama, mwanangu," alisema. Hata hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma. Akaniachia simu yangu, akasali rakaa mbili.

Nikapima upya bila kifuniko, nikamwandikia msimamizi. Siku ya tatu akaniuliza: "Kwa hiyo walielekea sawasawa tu?" Nikamjibu ndiyo. Mkutanoni sikuitwa tena. Sura yangu ikapungua kutoka kurasa ishirini na mbili hadi moja na nusu, ikisema kwamba waliojenga msikiti ule walijua wanakoelekea.

Nilifaulu. Mama akataka nimsomee sura hiyo. Akasikiliza mpaka mwisho, akauliza mbona ni fupi hivyo.