Jeneza la Msikitini

Mke wangu ametia karafuu maiti kabatini kufukuza mende, na harufu yake imenikumbusha jeneza la msikiti wa kwetu.

Utotoni, vijana wa mtaani kwetu Mambrui walitengeneza filamu ya vichekesho, wakizikejeli zile filamu za mizimu za bei ya chee. Walilichukua jeneza la msikiti bila ruhusa, lile lile linalobeba kila maiti wa mji, wakamlaza mwenzao ndani na shuka nyeupe. Filamu ilipoonyeshwa uani kwetu, yule maiti aliinuka wakiwa njiani kwenda makaburini akapayuka, “Nirudisheni, sijamaliza mbaazi zangu!”

Watu walicheka hadi machozi. Bibi peke yake alitema mate chini.

“Hilo tutalilalia sote, nanyi mwalifanyia mzaha?”

Bibi alifariki kabla ya Ramadhani ya mwaka ule. Jeneza lile lile lilipotolewa mlangoni, harufu ya karafuu maiti aliyopakwa ilinijaa puani. Nyuma yangu mtu akanong'ona, “Sijamaliza mbaazi zangu.”

Jeneza likaanza kutikisika. Wachukuzi walikuwa wakijizuia kucheka. Nikamtazama baba, aliyeshika mbele. Mabega yake nayo yalikuwa yakitikisika, wala hakuwa akilia.