Jina Nililotaja Siku ya Tatu

Mnaonijua kwa chisense, leo mnijue kwa jambo jingine. Naitwa Numbi. Nilizaliwa Kilwa, ile ya Kongo iliyo ng'ambo ya ziwa, na vita vilinivusha ziwa hilo la Mweru nikiwa mgongoni mwa mama yangu. Nimekulia upande huu wa Zambia, nikaolewa huku, na riziki yangu iko kwenye mchanga wa ufuo, mbali kupita kijiji cha Kabuta, mahali ambapo gari likija watoto hulikimbilia kulitazama.

Chisense ni dagaa wetu. Wanaume huwavua kwa taa usiku wa giza. Asubuhi sisi wanawake tunawaanika, tunawageuza, tunawafukuzia kunguru, na wakikauka tunawajaza kwenye magunia, watu wa baiskeli wanayapeleka bara. Mwezi ukiwa mkubwa samaki hawaifuati taa, basi tunapumzika. Maisha yetu tunayahesabu hivyo: siku za giza ni za kazi, siku za mwezi ni za kusuka nywele na kwenda kliniki.

Nilikuwa mwanamke mwenye mdomo, sikatai. Nilimtania kila mtu, na aliyenivumilia zaidi ni jirani yangu, Mama Feza. Mume wake, Kyungu, alikufa maji mwaka mmoja kabla ya haya ninayoyasimulia. Mtumbwi ulipinduka, akapatikana siku ya pili, tukamzika. Mama Feza na mimi tulianika samaki kwenye nyavu zinazogusana, na chumvi yake ilikuwa chumvi yangu.

Miaka minne ya ndoa sikupata mimba. Ilipoingia, mume wangu Kisimba alifurahi mpaka akaanza kunitekea maji mwenyewe. Wanaume wenzake walimcheka, wala hakujali. Kliniki, nesi alinipima akasema mimi ni mfupi na mtoto ni mkubwa, nisijaribu kuzalia nyumbani. Pale pale kliniki kuna nyumba ya kungojea, ambako wanawake wa mbali hukaa mwezi wao wa mwisho wakijipikia. Alitaka niende wiki ile ile. Nilimwambia nitakuja mwezi ukiwa mkubwa, kwa sababu giza lilikuwa ndiyo kwanza limeanza na samaki walikuwa wengi kuliko magunia. Hilo ni kosa la mtu wa chisense. Nilihesabu siku za samaki, nikamwambia mtoto angoje.

Mtoto hakungoja. Uchungu ulinishika Jumanne asubuhi nikiwa nimeinama nageuza samaki, maji yakanitoka yakaloanisha mchanga. Kisimba alikuwa visiwani kununua samaki. Mama mkwe wangu, ambaye amezalisha nusu ya watoto wa ufuo ule, alinilaza nyumbani kwake, na Mama Feza akaja kunishika mgongo. Jumanne ikapita. Jumatano nilisukuma mpaka macho yakawa mekundu. Kichwa cha mtoto kilifika mahali kikakwama, hakiendi mbele wala hakirudi nyuma, na mkojo wenyewe ukakataa kutoka. Kwetu simu hupata mtandao juu ya kichuguu kimoja tu. Mtu alipanda, akapiga kliniki, akaambiwa gari la wagonjwa limekwenda mbali na njia imejaa maji.

Sasa niwaeleze desturi moja, kwa ajili ya wasiotoka huku. Mtoto akikwama, husemwa kwamba mama yake amelala na mwanamume mwingine, na jina la mwanamume huyo ndilo linaloziba njia. Mama akilitaja, mtoto anatoka. Wabemba, wenyeji wa upande huu, wanalijua jambo hilo, na sisi wa Kongo tunalijua pia. Jumatano nzima mama mkwe aliniuliza, mwanzoni kwa upole, huku akinifuta jasho.

"Taja ile jina, mwana wangu. Mutoto anakataa kutoka ju we unaficha."

Niliapa kwamba sina jina la kutaja, na ndivyo ilivyokuwa. Alhamisi asubuhi sikuwa na nguvu ya kuapa tena. Mama mkwe alikuwa analia. Siku hizi naelewa kwamba alikuwa anaogopa. Aliniona nakufa mikononi mwake, na hiyo ndiyo dawa pekee aliyobaki nayo. Nikafikiri kwa akili kidogo niliyokuwa nayo: nikitaja mtu aliye hai, Kisimba atampiga, au atampeleka kwa chifu. Heri nimtaje marehemu, kwa sababu marehemu hapigwi. Nikasema, "Kyungu."

Mama mkwe akapiga makofi akamshukuru Mungu. Nami nikasikia mikono ya Mama Feza, iliyokuwa imenishika mgongo tangu Jumanne, ikiniachia. Maumivu yalikuwa yamenisahaulisha kabisa kwamba yuko nyuma yangu. Alisimama, akachukua kitenge chake, akatoka.

Mtoto hakutoka.

Aliyeniokoa ni yule aliyetoka nje. Mama Feza alikwenda moja kwa moja kwa watu wa baiskeli akawaambia washushe magunia yao, kuna mtu anakufa. Wakaja wawili. Walinilaza nyuma ya baiskeli juu ya magunia matupu, wakanifunga kwa kitenge, mmoja akisukuma na mwingine akinishikilia, tukayapita madimbwi hadi kliniki. Nalikumbuka kila jiwe la njia ile. Nesi aliponipapasa tumbo alikimbilia simu. Gari likapatikana, jioni nikawa hospitali kubwa, wakanipasua. Alikuwa mvulana, na alikuwa ameshakufa. Walinionyesha uso wake. Alikuwa na pua ya Kisimba. Sitasema zaidi ya hapo.

Siku walipoutoa mpira wa mkojo walioniwekea niliamka kitanda kimeloa. Nilidhani ni jasho. Wakabadilisha shuka, likaloa tena. Daktari akanieleza taratibu kwamba kichwa cha mtoto kilibana nyama iliyo kati ya kibofu na njia ya uzazi siku zote zile, nyama ikafa, pakatoboka. Mkojo unapita hapo, nami sina namna ya kuuzuia. Akasema panashonwa, lakini mtaalamu wa kushona huja kwa vipindi, nirudi baada ya miezi mitatu.

Sikurudi, na sababu yake ilikuwa nyumbani. Kisimba alikuwa ameshaambiwa lile jina. Nilimwambia nilidanganya, ni uchungu ulionisemesha, sikuwahi hata kukaa peke yangu na Kyungu. Alichorachora chini kwa kijiti.

"Kama ungetaja mutu muzima, ningeenda kumuuliza," akasema. "We umetaja mufu. Sasa mi nitauliza nani?"

Alivuka ziwa akarudi Kongo, na nasikia ameoa. Kumbe nilijiona mjanja! Basi nikaamini kwamba nimemsingizia marehemu, na marehemu ananilipiza kisasi kwa mkojo huu. Kama ni adhabu, niende kushonwa na nani?

Nilikata vitenge vyangu nikavifanya vitambaa. Mapaja yalichubuka yakawa vidonda, nikikaa naungua, nikitembea naungua. Niliacha kunywa maji ili nisivuje, mkojo ukazidi kuwa mkali. Kanisani nilikaa karibu na mlango, baadaye nje ya mlango, mwishowe nikabaki nyumbani. Sokoni nilifanya ujanja mwingine. Nilichukua samaki walioharibika, wale ambao wenzangu hawawataki, nikashinda nao mchana kutwa ili mtu akikunja pua awalaumu samaki. Wateja waliniita Mama Bovu, nami nilicheka pamoja nao. Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Mimi nilikuwa nimeshazaa nikazika, na bado naficha.

Miaka mitatu niliishi hivyo. Mama Feza alizihamisha nyavu zake hadi mwisho mwingine wa ufuo. Tulipokutana njiani alinipisha kama mtu anavyoipisha baiskeli yenye mzigo, na mimi nilipita nimeinamisha kichwa.

Mwaka wa tatu kliniki ilianza kumtuma nesi kwa pikipiki, mara moja kwa mwezi, awapime watoto kanisani kwetu. Alikuwa nesi mgeni, mama yake mtu wa ng'ambo, kwa hiyo Kiswahili chetu alikijua. Siku moja alipomaliza kupima alisimama akasema, bila kupunguza sauti, kwamba kama kuna mama anayevuja mkojo tangu siku ya kuzaa, aje amwone, hicho ni kidonda kama vidonda vingine. Nilikuwa nje ya dirisha. Tangu niugue sikuwahi kusikia jambo langu likitajwa mbele za watu na mbingu zisianguke. Nilingoja wote waondoke, ndipo nikaingia. Sikumwambia nina kidonda. Nilimwambia nina laana ya mtu aliyekufa maji, nikamsimulia yote. Alisikiliza akiwa ameshika kalamu, hakuandika kitu.

"Mama, mufu hawezi kutoboa mutu," akasema. "Ni ile njia ya mbali ya kwenda kliniki ndiyo ilikutoboa."

Gari lao lilinichukua mwezi uliofuata. Wodini tulikuwa wanawake sita, wengine wa visiwani, wengine wa bara, sote tumekalia vitambaa. Kwa mara ya kwanza nilikaa mahali ambapo harufu yangu haikuwa habari. Tulipozoeana niliwauliza kama nao waliulizwa majina. Wanne walisema ndiyo. Mmoja alitaja watatu, kwa sababu wa kwanza hakusaidia. Tulicheka mpaka tukashika mbavu, halafu kila mmoja akarudi kupanga vitambaa vyake.

Wakanichoma sindano ya uti wa mgongo, nikawa nawasikia wakizungumza huku wakinishona, bila maumivu. Baadaye nikalala na mpira wiki mbili, nikiamrishwa kunywa maji, kunywa maji, mimi niliyekwisha kujifunza kuishi na kikombe kimoja kwa siku. Asubuhi ya baada ya kutolewa mpira nilipeleka mkono chini ya kiuno. Pakavu. Nilimwita nesi wa wodi aguse na yeye, kwa sababu mkono wangu sikuuamini. Akagusa, akacheka. Nikalia mpaka mto ukaloa, akasema afadhali uloe huo.

Namshukuru Mungu, na nesi wa pikipiki, na wale watu wawili walioacha samaki wao njiani siku ya soko. Siku hizi ufuo wetu una kitanda chenye magurudumu kinachokokotwa na baiskeli, na nyumba ya kungojea imeongezwa chumba. Anayewapeleka wanawake huko ni mama mkwe wangu, giza liwepo au mwezi uwepo, na anayekataa anamgombeza. Siku moja tu alinishika mkono akaniambia alinifanyia vile mama yake alivyomfanyia yeye. Nilimwambia najua.

Wewe uliye na mimba, nenda mapema, samaki watavuliwa na wengine. Wewe unayemzalisha mwenzio, jua likizama na mtoto hajatoka, usimuulize jina, mtafutie baiskeli. Na wewe unayesikia haya huku umekalia kitambaa, panashonwa. Nilikaa miaka mitatu ilhali ningeweza kukaa miezi mitatu.

Ningeweza kuishia hapo, na wengi wangependa niishie hapo. Lakini mwili ulipopona, lile jina lilikuwa bado liko mahali nilipoliacha.

Nilikwenda kwa Mama Feza asubuhi, nimevaa kitenge kisafi, nikapiga magoti kwenye mchanga aliokuwa anaanika. Nilimwambia Kyungu hakuwahi kunigusa, nilimtaja kwa sababu mtu aliyekufa hapigwi. Aliendelea kugeuza samaki hadi mwisho wa wavu. Kisha akataka kujua kwa nini miaka yote ile sikumwambia. Nilimjibu kwamba nilikuwa nanuka, niliona haya kumkaribia. Ilikuwa kweli, na haikutosha.

Sisi wa Kongo tuna siku ya wazazi, tunapokwenda na watoto kuyafagia makaburi. Mama Feza aliniangalia usoni.

"Mi nililia bwana yangu mwaka moja," akasema. "Kisha we ukasema ile neno, nikaacha kulia. Siku ya bazazi batoto banasema tuende kufagia kwa baba, mi nasema niko na kazi. Mara tatu, Numbi."

Akaingia ndani akatoka na jembe. Hakuniita, wala hakunikataza, nikamfuata. Makaburi yetu yako juu kidogo ya ufuo, na nyasi zilikuwa zimefika kifuani. Msalaba wa Kyungu ulikuwa wa mti, mchwa walikuwa wameumaliza. Mama Feza alisimama akitazama huku na huku. Alikumbuka ni upande wa ziwa, alikumbuka ni safu ya pili, zaidi ya hapo hakukumbuka. Palikuwa na matuta matatu yanayofanana, mvua zimeyashusha yote sawasawa.

Tuliyalimia yote matatu, kwa kupokezana jembe. Tulipomaliza alipiga magoti kwenye la kwanza akasema maneno yake kwa sauti ya chini. Akainuka, akaenda kwenye la pili akayasema tena, kisha la tatu. Nami nilikwenda nyuma yake, nikaomba msamaha kwenye yote matatu.