Kwanza Waseme Wanamfahamu

Jua bado halijavuka mlima, lakini banda la kunyolea kondoo la kijiji cha Mgwenyana limeshachangamka. Nokwakha Bhidla anamvuta kondoo kwa miguu ya mbele, anamkalisha kitako kama mzee aliyeshiba, anambana kwa magoti, na mkasi unaanza kazi. Sufu inateremka nzima nzima, kama blanketi linalovuliwa mtu aliyelala.

"MaBhele, huyo kondoo amesinzia au umemuua?" anauliza Khathazile, mnyoaji wa upande wa pili.

"Amesinzia. Wako ndiye anayepiga kelele mpaka shangazi zake huko mlimani wameanza kufunga virago waje msibani."

Banda zima linacheka. Ovayo, mwana wa Nokwakha, naye anacheka, kwa mwili mzima, mikono ikirukaruka. Ameketishwa ndani ya gunia kubwa la sufu lililokunjwa mdomo, linalomshikilia vizuri kuliko kiti chochote alichowahi kupewa. Ana miaka minane. Hatembei, hakai bila kuegemezwa, na maneno anayoweza kutamka ni machache. Ukimuuliza jambo naye akakubali, huinua macho juu. Mzaha haumpiti hata mmoja.

MaBhele ndilo jina analoitwa Nokwakha na kila mtu hapa, kutokana na ukoo wa baba yake, Bhele. Ndiye mwanamke pekee anayenyoa. Wenzake wa kike huchambua sufu mezani. Analipwa randi tisa kwa kondoo, na siku ikikaa vizuri hufikisha kondoo arobaini. Msimu ukiisha kabla ya Krismasi, yeye, mwanawe na baba yake mdogo wanarudi kutegemea ruzuku ya serikali na mahindi ya shambani.

"Waliniambia kunyoa si kazi ya mwanamke, kondoo mzito," anasema, bila kuinua macho kutoka kwenye mkasi. "Mimi namwinua Ovayo kutwa. Namwogesha, nambeba, namnyoosha miguu ikikakamaa. Kondoo atanitisha kwa lipi?"

Aliyopitia MaBhele hayakuanzia bandani. Yalianzia katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, alipofika na uchungu wa mimba yake ya kwanza, mwenye afya, akiwa na nguo mpya za mtoto ndani ya mfuko wa plastiki. Aliambiwa asubiri. Alipolia aliambiwa asijidekeze. Alipoomba aangaliwe aliambiwa hajawa malkia. Usiku ukapita. Kulipopambazuka, mtu akashtuka, wakamkimbiza chumba cha upasuaji.

"Mtoto hakulia," anasema. "Nikauliza, mbona halii? Nesi akaniambia, huyu wako mvivu tu, atalia. Nikaamini. Ningeacha kumwamini nesi, nimwamini nani?"

Ovayo alipofikisha miezi tisa hajaweza kuinua shingo, daktari wa kliniki ya watoto alimweleza kuwa ni mtindio wa ubongo, na kwamba ubongo wa mwanawe ulikosa hewa wakati wa kuzaliwa. Daktari huyo aliuliza kwa mshangao kama hakuambiwa siku ile. Hakuambiwa. MaBhele alirudi nyumbani, akamsimulia baba yake mdogo, Sakhumzi, mzee mkimya asiyevua kofia isipokuwa kanisani na mbele ya wazee wenzake.

Sakhumzi alitafakari kwa siku kadhaa. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo wanyoaji wenzake MaBhele wakilikumbuka hawajui wacheke au walie.

Mgwenyana kila mtu anajua msichana akipata mimba hufanyika nini. Wazee wa kwao humchukua, huenda naye hadi kwa akina kijana, hukaa chini karibu na zizi bila kubisha hodi, na kusubiri. Wakiulizwa, husema wamekuja kuripoti tumbo. Kijana huitwa. Huulizwa mbele ya wote: unamfahamu huyu? Akisema namfahamu, ndipo mazungumzo ya ng'ombe wa fidia huanza. Akisema simfahamu, hapana cha kuzungumza. MaBhele mwenyewe aliripotiwa hivyo, na kijana wake, ambaye sasa yuko migodini na hutuma pesa akikumbuka, alisimama na kusema namfahamu.

Basi Sakhumzi aliwachukua wazee wawili wa ukoo, wakavaa makoti yao ya Jumapili, wakamchukua MaBhele aliyejifunika blanketi mabegani na Ovayo mgongoni, wakaenda mpaka hospitali. Hawakuingia. Walikaa chini, kwenye majani, karibu na uzio wa geti.

Askari wa getini alikuwa mtu wa huku huku. Alipowaona wamekaa vile alijua mara moja ni ukaaji wa namna gani, na akaingiwa na hofu.

"Wazee wangu," alisema akikaribia polepole, "kama ni mimi, naapa, mimi nina mke mmoja na hata huyo hanisikilizi."

"Si wewe," alisema Sakhumzi. "Tumekuja kwa wenye nyumba hii. Tumekuja kuripoti mtoto. Waambie watoke, waseme kama wanamfahamu."

Askari alikwenda ndani. Akarudi. Akaenda tena. Mwishowe alitoka karani mmoja kijana, akasema malalamiko yanapokelewa dirisha namba sita, Jumatatu na Jumatano. Wazee hawakumjibu, kwa sababu hakujibu alichoulizwa. Jua likawa kali. Askari akaona aibu kwa niaba ya hospitali nzima, akawaletea chai yake mwenyewe kwenye chupa.

"Asante, mwanangu," alisema Sakhumzi. "Sinywi chai ya nyumba ambayo haijajibu."

Waliondoka jioni bila jibu na bila chai.

Ni askari yuleyule aliyemnong'oneza MaBhele jina la wakili Ncapayi wa mji wa Mthatha, mtu mnene, mwenye haraka, anayeongea kwenye simu mbili kwa pamoja. Ncapayi alikubali kuichukua kesi na kulipwa mwishoni, wakishinda. Miaka ikaanza kupita. Kesi iliahirishwa mara nyingi kiasi kwamba MaBhele alizoea kuvaa viatu vya mahakamani na kuvivua bila kuitwa jina. Ovayo akakua. Mgongo wake ukaanza kupinda. Kigari cha kumsukumia alichopewa alipokuwa na miaka mitatu kikawa hakimtoshi.

Mwaka jana, upande wa hospitali ukaleta pendekezo la maelewano. Wangelipa randi milioni mbili, kesi ifungwe, bila kukiri kosa lolote. Ncapayi alipiga simu akiwa na furaha, na MaBhele akauliza maana ya hayo maneno ya mwisho.

"Maana yake wanalipa, lakini hawasemi kuwa walikosea."

"Sasa wanalipa kwa nini?"

"Dada yangu, wanalipa ili yaishe."

"Basi waambie hayajaisha."

Wakili akamweleza wazi: pesa zile ni kidogo kwa mahitaji ya maisha yote ya Ovayo, ndiyo, lakini wakienda mbele ya jaji wanaweza kushindwa, na akishindwa atarudi nyumbani na mtoto wake na mikono mitupu.

Habari zikasambaa Mgwenyana. Wapo waliosema MaBhele amerogwa. Khathazile alimwambia usoni kwamba ana kichwa kama cha dume la mbuzi. Hata Sakhumzi, jioni, walipokuwa wakimlisha Ovayo uji, alikohoa na kusema, "Pokea, mwanangu. Mtoto anakua. Wewe mgongo wako ni mmoja."

"Bhele," alisema MaBhele, akimwita kwa jina la ukoo kama mtu anavyomwita mzee anapotaka kumkatalia kwa heshima, "wewe siku ile ulikataa hata chai."

"Chai si milioni mbili."

"Kijana wa miaka ishirini, hana hata suruali ya pili, alisimama mbele yako akasema ananifahamu. Hospitali nzima, ina madaktari, ina magari, ishindwe? Nikipokea hivi hivi, Ovayo atakuwa mtoto aliyeharibika mwenyewe, halafu watu wakamwonea huruma. Mimi sitaki huruma yao. Waseme kwanza."

Sakhumzi alichukua kijiko akaendelea kumlisha mjukuu wake. MaBhele anasema usiku ule aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa wodini, kwa sababu safari hii, mambo yakiharibika, wa kulaumiwa angekuwa yeye.

Shauri lilisikilizwa Agosti mwaka huu. Ovayo alikuwepo, kwa sababu hapakuwa na wa kumwachia, na kila kipaza sauti kilipokwaruza alicheka. Siku ya tatu alipanda kizimbani daktari aliyeletwa na hospitali yenyewe, mzee mwenye mvi na sauti ya chini. Ncapayi alimuuliza swali moja tu la maana: usiku ule, tangu mama huyu alipofika mpaka alipokimbizwa kwenye upasuaji, kuna aliyesikiliza mapigo ya moyo wa mtoto?

Daktari alimtazama Ovayo. Kisha akasema, "Hapana. Hakuna aliyesikiliza. Na walipaswa kusikiliza."

Mawakili wa hospitali wakaomba mapumziko. Waliporudi, mkubwa wao alisimama na kumwambia jaji kwamba wateja wake wanakiri: madhara aliyopata mtoto Ovayo Bhidla yalitokana na uzembe wa wahudumu wao. Alilitamka jina lake lote.

Nyuma ya chumba, Sakhumzi alisimama bila kuambiwa. Karani alitaka kumkalisha, jaji akaashiria aachwe. Mzee akavua kofia.

"Tumesikia," alisema. "Sasa tunaweza kuzungumza."

MaBhele alilia pale pale, kwa sauti, na hakumwomba mtu radhi. Anasema alikuwa na machozi ya miaka minane, angeyapeleka wapi?

Kiasi cha fidia kitasikilizwa mwezi Machi, na Ncapayi anasema kitazidi mara nyingi kile walichotaka kuwafungia nacho mdomo. MaBhele ameshapanga. Nyumba yenye milango mipana na njia ya saruji hadi barabarani, kigari kinachomtosha Ovayo na kukua naye, mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayekuja kila wiki. Kunyoa hataacha.

"Nikae nyumbani nifanye nini? Halafu Khathazile atamcheka nani?"

"Kichwa cha mbuzi," anasema Khathazile, lakini kwa sauti ya upole.

Kuna jambo jingine kabla ya Machi. Mkuu mpya wa hospitali amepiga simu. Anataka familia ije, awaombe radhi ana kwa ana, ofisini kwake. Wazee wawili wa ukoo wameshatoa makoti yao kupigwa pasi. Sakhumzi alikuwa na swali moja tu, naye MaBhele akalifikisha kwa mkuu kama lilivyo, na jibu likarudi kwamba ndiyo, chai itakuwepo.

"Safari hii tunaingia ndani," anasema MaBhele. Anamwachia kondoo aliyemaliza kunyolewa, na mnyama huyo anainuka mweupe, mwembamba, akishangaa alivyo mwepesi. MaBhele anafuta mikono kwenye suruali, anachuchumaa mbele ya gunia la sufu.

"Ovayo. Tutaenda kunywa chai yao?"

Ovayo anainua macho juu, na hayashushi mpaka mama yake acheke.