Mkono Uliomtoa Pak Nengah

Pak Nengah hukanda watu katika chumba cha mbele cha nyumba moja hapa Denpasar, kisiwani Bali, na mimi ndiye ninayemfulia mataulo. Mkewe, Bu Sarini, hukanda wanawake chumba cha nyuma. Pak na Bu ni kama kusema Baba na Mama, ndivyo tunavyowaita wakubwa hapa. Wote wawili hawaoni. Bu Sarini alizaliwa hivyo. Pak Nengah aliona kwa miaka ishirini na sita, mpaka usiku ule wa Oktoba mabomu yalipolipuka Kuta, kwenye vilabu vya watalii.

Nawashukuru watu hawa kabla sijasema lolote. Nilipotafuta kazi nikiwa na mtoto wa miezi minne, kila mlango uliniuliza nitamwacha wapi. Bu Sarini aliuliza kitu kimoja tu, kama mtoto analia sana. Nikamwambia analia kiasi. Akasema, "Basi mlete, wateja wetu wengi wanakoroma, hawatasikia." Putu wangu amejifunzia kutambaa kwenye mkeka wao.

Pak Nengah alikuwa mwangalizi wa pikipiki. Alikuja Kuta kutoka Karangasem akiwa kijana, akapewa kizibao cha rangi ya chungwa, filimbi na kipande cha barabara. Kazi yake ilikuwa kuzipanga pikipiki mbele ya vilabu na kuzikokota nje wenyewe wanapotaka kuondoka. Watu aliwajua kwa pikipiki zao kuliko kwa sura. Filimbi ilikuwa ikimponyoka, basi mama yake akamshonea mfuko wa kitambaa cha kijani juu ya kile kizibao, upande wa moyo.

Bomu la kwanza lilipolia alikimbilia kule kulikolia. La pili likamchukulia macho. Kuanzia hapo, asemavyo mwenyewe, anakumbuka mkono tu. Ulimshika kiganja kwa nguvu, mkono mgumu wenye sugu, na sauti iliyokauka kwa moshi ikawa inamwambia, "Kanyaga. Kanyaga. Hapa shimo, ruka. Kanyaga." Ulimfikisha kwenye lori lililokuwa linabeba majeruhi, ukaachia. Hakujua ni wa nani. Hakuwahi kusema asante, na hiyo asante ikamkaa kooni miaka ishirini.

Mwaka wa kwanza aliumaliza nyumbani kwa kaka yake, ameelekea ukutani. Kisha akapelekwa kujifunza kukanda, na huko ndiko alikompata Bu Sarini. Vidole vyake vikawa vinasoma watu. Akikushika mkono anakuambia kazi yako, na kama umelala vizuri. Kila Oktoba, siku ya kuwakumbuka waliokufa, alikuwa akienda Kuta kuutafuta ule mkono, akiwashika mikono wanaume: madereva, walinzi, wazima moto, wapiga mbizi waliokuja kusaidia. Walimzoea. Akitokea tu wanampa mikono kabla hajaomba.

"Haya Pak, kagua na huu."

"Huu haujawahi kushika hata ufagio. Mwingine."

Walicheka, naye akacheka. Lakini akirudi nyumbani hali chakula cha jioni.

Mwaka jana alisikia kwamba kuna vijana wametengeneza ukurasa wa kumbukumbu mtandaoni. Walizunguka nyumba kwa nyumba wakiomba picha ambazo watu walikuwa wamezifungia makabatini, wakaziweka zote humo pamoja na majina na masimulizi. Simu ya Pak Nengah inasoma kwa sauti, kwa hiyo masimulizi aliyasikia yote. Tatizo lilikuwa picha. Simu ikifika kwenye picha inasema neno moja tu.

"Picha."

Anapapasa kioo, anasogea mbele.

"Picha. Picha. Picha."

Nilikuwa uani naanika mataulo, nikalisikia neno hilo mpaka Bu Sarini akapaza sauti kutoka nyuma. "Baba, hiyo simu imepatwa na kwikwi?"

"Ziko mia mbili na kumi na mbili," Pak Nengah akajibu. "Walioniumiza waliniachia masikio, na hawa wamenipa picha." Akasema bila uchungu, kama mtu anayesema mvua inanyesha. Kisha akaniita. "Mama Putu, hebu njoo uniambie kuna nini humu."

Nilimwambia mimi nimeishia darasa la sita, amtafute mtu wa kueleza vizuri.

"Wa kueleza vizuri wapo, wamejaa. Mimi namtaka wa kuangalia."

Nikakaa. Nikafungua ya kwanza. "Watu wamesimama," nikasema.

"Watu wamesimama, asante sana. Hata simu ingeniambia hivyo ikijitahidi kidogo. Anza na miguu."

"Miguu ya nani?"

"Ya yeyote. Mtu ukianza na uso wake unaishia hapohapo."

Tukaanza na miguu. Kila adhuhuri Putu akilala na mataulo yakiwa kambani, tuliangalia picha nne, tano, siku nyingine kumi. Nilimwambia kuhusu watu waliopanga mstari kutoa damu, mwanamke mmoja amekuja na viatu visivyolingana. Nilimwambia kuhusu vijana wamebeba mapande makubwa ya barafu mabegani, matambara chini yake, maji yanawachuruzika mgongoni. Kuhusu mtalii mwekundu kwa jua, amekaa chini anamenyea mtoto wa watu chungwa. Nilipofika kwenye picha ya mtu aliyelala chini, nilinyamaza, naye akajua.

"Huyo mpe heshima yake, pita."

Sikujua kabla ya hapo kwamba usiku ule ulikuwa na barafu na machungwa. Nilikuwa nikiogopa hata kupita barabara ile. Siku hizo tatu, nne za mwanzo niliondoka pale nimebeba watu wema kichwani mpaka nyumbani.

Wiki ya tatu, picha ya mia na arobaini na tatu. Chini yake waliandika tu, "Majeruhi na ndugu yake."

"Mguu mmoja una kandambili," nikasema. "Mwingine hauna. Suruali imechanika gotini. Shati, hapana, ni kizibao, kimejaa vumbi lakini chini ya vumbi ni rangi ya chungwa. Kichwani amefunikwa kitambaa, kama taulo."

Pak Nengah alikuwa anakunja taulo. Akaacha.

"Kifuani?"

Nikaikuza picha kwa vidole. "Kuna mfuko. Wa kijani."

Akaupeleka mkono kifuani, upande wa moyo. Kisha akauliza polepole, "Na anayemshika? Anza na miguu."

"Hana viatu. Sketi ndefu, imekunjwa na kuchomekwa kiunoni. Aproni. Mkono mmoja umeushika wako, mwingine ameunyosha mbele kuwasogeza watu. Nywele zimefungwa kisogoni. Pak, huyu ni mwanamke."

"Angalia tena."

"Nimeangalia. Ni mwanamke, mnene kidogo."

"Ule mkono ulikuwa mgumu kama kasia."

"Labda anauza wali. Mikono ya wauza wali kila siku iko kwenye chungu."

Bu Sarini alikuwa amekwisha kuja mlangoni. "Kwa hiyo miaka ishirini umeshika mikono ya wanaume wote wa Kuta," akasema, "na uliyekuwa unamuota ni mwanamke. Leo utapika mwenyewe."

Pak Nengah alicheka mpaka akajifuta macho kwa taulo safi, nikalazimika kulifua upya.

Wauza wali wa pale alisema walikuwa kumi na zaidi, na wengi waliondoka baada ya mabomu. Lakini ule ukurasa una nafasi chini ya kila picha, ukijua kitu unaandika. Niliandika mimi. Mistari minne ilinichukua adhuhuri nzima, maana niliogopa kukosea herufi mbele ya watu wasomi. Niliandika kwamba majeruhi si ndugu wa huyu mama, anaitwa Nengah, alikuwa anaangalia pikipiki, yu hai, anakanda watu Denpasar, na anaomba kumjua mwenye aproni.

Siku kumi na moja hapakuwa na kitu. Pak Nengah aliniuliza kila siku, siku ya nane akaacha kuuliza, na hilo ndilo lililoniuma. Ya kumi na mbili msichana mmoja akajibu kutoka Tabanan. "Huyo ni shangazi yangu. Anasema mnadanganya. Mtu huyo alikufa."

Kesho yake asubuhi pikipiki ikasimama nje. Akaingia mama mmoja, helmeti bado kichwani, wala hakusalimia.

"Yuko wapi anayejiita Nengah?"

"Nipo," Pak Nengah akasema.

"Niambie pikipiki yangu ilikuwa ya rangi gani."

Yeye akainamisha kichwa. Sauti aliisikiliza kwanza, kisha uso wote ukafunguka. "Nyekundu. Taa ya nyuma uliifunga plasta. Ukifika unaniita, 'Wewe filimbi!' unanipa ndizi ya kukaanga. Mbok Rindi. Dada yangu, ni wewe?"

Mama yule akakaa chini pale alipokuwa amesimama, juu ya mataulo yangu. Helmeti nilimvua mimi.

"Nilikwenda hospitali siku ya tatu," akasema. "Nikauliza Nengah. Wakaniambia Nengah amekufa, ndugu zake wamekwisha kumchukua."

"Nengah yupi?"

"Nengah. Mimi ningejua jina lako lote kutoka wapi? Ulikuwa mtu wa pikipiki."

"Mbok, Nengah ni jina la mtoto wa pili, na kila nyumba Bali inaye. Ukiita Nengah hospitali nzima wanageuka."

"Sasa nimejua. Kila mwaka nakuwekea maua na wali."

"Na wali nani anakula?"

"Kuku."

"Basi kuku wako wameshiba kwa jina langu."

Bu Sarini alicheka, mimi pia. Mbok Rindi hakucheka. Alikuwa anautazama uso wa Pak Nengah, makovu yake yote, moja moja.

"Nilikubandua," akasema. "Pale kwenye lori. Ulikuwa umenishika, hutaki kuachia. Nikabandua kidole kimoja kimoja, nikakuacha na watu nisiowajua, nikarudi. Waliponiambia umekufa nikajua ni kwa sababu nilikubandua. Sikurudi Kuta tena. Hizo picha sikutaka hata kuziona."

Putu alikuwa ameamka. Nilimpakata, sikuondoka.

"Uliporudi," Pak Nengah akauliza, "ulimkuta mtu?"

"Niliwakuta wawili. Msichana, na mzee mmoja wa Kijava."

"Wakatoka?"

"Wakatoka."

"Basi ulifanya vizuri kunibandua."

Mbok Rindi akaziba mdomo kwa kiganja. Pak Nengah alisogea kwenye mkeka, akapapasa mpaka akampata.

Bu Sarini aliwahi kuniambia kwamba mumewe ana maneno marefu ya shukrani aliyoyatunga zamani, yana majina ya wazazi wake na ya miungu, na huyasema peke yake akioga. Nilingoja niyasikie.

"Asante, Mbok," akasema.

Mama yule aliitikia kwa kichwa, kisha akakumbuka kwamba mwenzake haoni. "Haya," akasema. "Nimeipokea." Akajifuta kwa taulo langu, akaniuliza kama kuna maji ya kunywa, kwani tangu Tabanan hakuwa ametia kitu mdomoni.